Bega la Pilipili

Chumba cha nyuma, kwa Dobi,
Ubavuni mwa ghala la magunia.
Jumapili, tarehe 9, asubuhi, pasi bado haijashika moto.

Mpendwa mpwa wangu Kipaza Sauti,

Zipokee salamu zangu uzikalishe vizuri, maana zimesafiri mbali na zimechoka. U mzima, mama? Mkwe wangu je, kile kitambi bado anacho au umeshamnyima chakula? Na hao wagonjwa wako, siku hizi unawachoma sindano polepole, au bado una mkono mzito kama wa marehemu bibi yako? Sisi huku wazima. Mgongo wangu unauma asubuhi na kuacha mchana, kwa hiyo Mungu namshukuru mchana. Mama yako mzima, na sauti yake ndiyo nzima zaidi.

Kabla hujaichana barua hii, tazama mwandiko. Ni wangu mwenyewe, sikumtuma mtu. Shule niliiona kwa nje tu, nikipeleka nguo za mwalimu mkuu. Herufi nilizijua kwenye kola za watu, maana kila shati lina alama ya mwenyewe. Ukikuta neno limekaa upande, basi ujue mwenye shati naye alikuwa amekaa upande.

Sasa niungame. Ile barua uliyomwandikia baba yako nimeisoma. Usiruke! Aliileta mwenyewe. Yaani, si yeye, maana haniongeleshi. Alimtuma mama yako. Ameikunja na kuikunjua, amewasomea wenye maduka, wapita njia na mbuzi, mpaka karatasi imelegea kama kitambaa cha kufutia meza. Mama yako akaja nayo kaishika kwa vidole viwili. "Kaka, shemeji yako anasema uipige pasi. Moto mdogo. Na anasema usiisome."

Nikamwuliza karatasi nitaipigaje pasi nimefumba macho.

"Si ndiyo kazi yako, kutoona?"

Mwanamke huyu tulinyonya titi moja, lakini ule ulimi aliupata wapi sijui.

Basi nikasoma, mistari yote kumi na minne. Kwamba unakuja mwisho wa mwezi, baada ya miaka kumi na mmoja. Nikafurahi mpaka nikaunguza kona, utaiona. Halafu nikafika chini kabisa, pale ulipoandika kwamba kwa mjomba hutatia mguu, na kwamba mtu aliyemwibia baba yako mbele ya halaiki si mjomba wako tena. Hapo, mama, pasi niliiweka pembeni.

Mimi ndiye niliyekufundisha kupiga mluzi. Mimi ndiye niliyekung'oa jino la kwanza kwa uzi wa kushonea vifungo, ukapiga kelele mpaka jirani akadhani nakuchinja, na jina la Kipaza Sauti ukalipata siku ile. Huwezi kunifuta kwa mstari mmoja. Nisikilize kwanza, halafu ufute.

Tuanze na jambo ambalo halina ubishi: baba yako ni mtu ovyo. Ananyoa kwapa kama bibi harusi. Ndevu anazipaka rangi ya viatu, akitoka jasho shingo inakuwa na mistari kama pundamilia. Alipokuja kumposa dada yangu alikuwa fundi magodoro, nywele zimejaa pamba, nikadhani kaja mzee wa ukoo. Na akili yake imejaa hiyo hiyo pamba. Namjua miaka thelathini na ushee na sijapata kumwona anafikiri mambo mawili kwa siku moja.

Mieleka aliianza akitaka kuwa shujaa. Ndiyo! Alijiita Radi. Alivaa joho lililokatwa kwenye pazia la sebuleni, na nani alilipiga pasi? Mimi. Lilisimama lenyewe, mama, bila mtu ndani. Akaingia pale ghalani, akapanda ulingoni, akanyanyua mikono apigiwe makofi. Kimya. Mtu mmoja akakohoa. Halafu katika kurudi nyuma akamkanyaga vidole yule kipenzi cha watu waliyekuwa wakimwita Baba Lao. Ghala zima likazomea, mabati yakatikisika. Mwenye Ghala alikuwa amekaa pembeni na chai yake. Akasema, "Huyu watu wamemchukia bila kufundishwa. Hicho ni kipaji."

Basi Radi akafia pale pale, akazaliwa Pilipili.

Ile pilipili yenyewe wewe unaijua, ilikuwa tofali jekundu. Alilitwanga, akalichekecha kwa chekecho la mama yako la unga, na kila Jumamosi dada yangu alikuwa akipigana mieleka yake mwenyewe jikoni. Pakiti anaiweka kwenye kitambaa cha goti la kushoto. Mchezo ukifika mahali pake anaichomoa, mwenzake anafumba macho mapema kwa sababu wameshapatana, vumbi linarushwa, mtu anagaagaa, watu wanalia.

Na mimi refa ninafanya nini wakati huo? Nafunga kamba ya kiatu. Au nagombana na mtu wa safu ya mbele. Au najikuna. Kabla ya pambano nampekua mbele ya watu wote, nampapasa kiuno, nampapasa goti la kulia, la kushoto naligusa kama nagusa pasi ya moto, halafu natangaza hana kitu. Watu wanapiga kelele, "Goti, refa! Goti la kushoto!" Nageuka, natazama dari. Kutoona ni kazi, usidhani ni uvivu. Mtu asiyejua atatoona mapema sana, au atatoona kwa kuchelewa, na mchezo umekufa. Miaka ishirini na mbili nimetoona kwa wakati wake. Walikuja marefa kutoka maghala mengine kunitazama navyotoona. Na shati langu jeupe, halina hata kunyanzi moja.

Watu walimchukia baba yako kisawasawa. Mwuza vitambaa alikataa kumpimia mama yako kitambaa. Kulikuwa na bibi mmoja wa safu ya mbele, alikuja miaka kumi na mitano na mfuko wa maganda ya machungwa. Hakuwa na kitu kingine anachokuja nacho, ni maganda tu, anayakusanya wiki nzima. Na baba yako alipenda! Alirudi nyumbani na ganda sikioni, kavimba kichwa, anamwambia mama yako, "Leo wamenichukia vizuri."

Wewe tu ndiye uliyelipa. Hilo najua, na yeye hakujua, kwa sababu hajui kitu. Najua darasani walikuwa wakipiga chafya ukiingia. Darasa zima, chafya, kwa pamoja. Ulikuja kuniambia mimi, ukakaa pale kwenye kikapu cha nguo chafu, hukulia. Nikasema nikamwambie baba yako. Ukasema nikimwambia utachoma shati la mwalimu mkuu. Nikanyamaza.

Na siku unaondoka nilikuwepo mlangoni, begi lako nimelishika mimi. Ukamwambia, "Baba, siku ukishinda bila kudanganya, niandikie. Kabla ya hapo usijisumbue."

Binadamu mwenye akili angejua hayo ni maneno ya msichana mwenye hasira. Angengoja wiki mbili, akaandika kuuliza kama umefika salama. Yeye? Aliyachukua yale maneno kama fundi anavyochukua vipimo vya godoro. Miaka kumi na mmoja hakukuandikia, wewe ukadhani kiburi. Kiburi gani! Mtu alikuwa anangoja ashinde.

Na kila mwaka alikwenda kwa Mwenye Ghala kuomba. Pambano moja tu, ashinde safi. Mwenye Ghala akamwambia Pilipili kushinda safi ni sawa na dobi kurudisha nguo chafu, wateja watauliza wamelipia nini. Akirudi analala juu ya godoro ambalo hajalimaliza, katikati ya karakana, anatazama juu. Mtu mzima na kitambi chake. Nilimwambia mara mia, "Shemeji, mwandikie mtoto, mdanganye, sema umeshinda." Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Kudanganya ghala zima kila Jumamosi, sawa. Kudanganya karatasi, hawezi. Ndiyo maana nakwambia ovyo.

Sasa sikia la mwaka huu. Magoti yake yamekwisha, akipanda ngazi yanalia kama bawaba. Ikapangwa Jumamosi ya kumuaga, alasiri, apambane na Seremala. Huyu Seremala ni kijana mpya, seremala kweli, mabega kama mlango, moyo mweupe, watu wanamtaka. Na desturi ya pale ghalani unaijua, ni ya zamani kuliko mabati yenyewe: anayeaga anaaga akiwa chini. Analala chali, anahesabiwa tatu mabega yote mawili yakiwa chini, maana bega likiinuka hesabu imevunjika, halafu anamwachia anayebaki. Hata Baba Lao, na jina lake lote, alilala. Asiyelala anaondoka na kitu ambacho si chake.

Tukapatana siku ya Alhamisi katika karakana ya magodoro, sote watatu. Seremala atamwangusha dakika ya nne, atamlalia kifuani, mimi nahesabu. Baba yako alisema sawa. Alisema mara mbili. Mtu wa kusema mara mbili si wa kumwamini, na mimi mjinga nikaenda zangu kupiga pasi shati.

Jumamosi ghala limejaa mpaka kwenye magunia. Nikampekua. Kiuno, hana. Goti la kulia, hana. La kushoto nikaligusa kidogo, nikangoja vidole vikutane na pakiti, vidole vikakutana na goti. Nikapapasa tena. Mama, miaka ishirini na mbili natangaza hana kitu, siku ile kwa mara ya kwanza hakuwa na kitu. Akaniambia polepole, midomo haichezi, "Leo sina, shemeji." Ndipo nilipojua anataka nini.

Akapigana safi. Hakuvuta nywele, hakutemea mtu mate. Seremala akateleza, baba yako akarudi nyuma akamngoja asimame! Watu wakachanganyikiwa. Yule bibi wa safu ya mbele kashika ganda mkononi, mkono uko juu, hajui alirushe au alirudishe mfukoni. Sauti ya nyuma ikasema, "Ana jambo huyu, ngojeni." Hapo uelewe: hawakumwamini. Alikuwa safi kama shati langu, na ghala zima linamngojea aibe.

Dakika ya nne akaangushwa, kama tulivyopatana. Seremala akamlalia. Nikaenda chini na tumbo langu, kiganja kwenye mbao. Moja. Mbili.

Bega likainuka.

Si kidogo. Kiasi cha kupitisha kiganja, kimelala na kidole gumba juu. Na macho yangu unayajua, mpaka leo natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Wanaosema nimezeeka, nimepofuka, sikuona, waache waseme.

Nikapiga tatu.

Halafu yule bibi akasimama juu ya kiti, na umri ule, akapaza sauti, "Refa mwizi!" Ganda alilolishika dakika nne likanipata hapa, chini ya jicho. Yakafuata mengine, na kiatu. Na kutoka kwenye magunia wakaanza kuliita jina lake, Pi-li-pi-li, Pi-li-pi-li, watu wale wale, midomo ile ile. Wakaruka kamba, wakambeba. Baba yako huko juu mabegani anatazama chini kama mteja aliyerudishiwa nguo nzuri kuliko alizoleta, anaogopa kusema si zake.

Mimi nilitokea mlango wa nyuma, shati limepasuka. Shati limepasuka, mama! Nililizika, silisemi zaidi.

Tangu siku ile mambo yamegeuka. Nikipita wananinyooshea fimbo kama kipofu, wananivusha barabara ambayo sitaki kuvuka. Mwuza vitambaa amehamishia nguo zake kwa dobi wa ng'ambo. Na baba yako hatamaniki. Anakaa nje ya karakana anasimulia, na bega kila siku linapanda. Wiki ya kwanza lilipanda kiganja. Sasa hivi alishakaa kitako huku amembeba Seremala. Yule bibi anamletea machungwa mazima. Haniongeleshi, tukikaa chumba kimoja anamwambia mama yako, "Mwambie ndugu yako asogeze kiti." Mama yako anageuka kwangu, "Kaka, sogeza kiti." Mimi namwambia, "Mwambie mumeo kiti ni changu." Tunamaliza chai hivyo.

Na ndipo alipokuandikia. Hakushinda, lakini aliibiwa, akaona nusu ya masharti ametimiza. Ukamjibu.

Sasa swali lako la mstari wa kumi na mbili: kwa nini.

Hapa ghalani nimeshawapa watu wanne majibu manne, na yote matamu. Mmoja nilimwambia desturi ni desturi. Mwingine nilimwambia nilifikiri haraka: kwamba kama Pilipili angeshinda, watu wangesema ameiba tena, gazeti lingesema hivyo, na wewe huko ungesoma hivyo hivyo. Kwamba watu hawawezi kusadiki Pilipili ni safi mpaka waone ameonewa. Ni kweli, tazama yaliyotokea. Na ningependa sana kukwambia kwamba niliyapanga yote hayo katika kupepesa jicho. Yanafanana na mimi.

Lakini wewe ulikaa kwenye kikapu changu ukanieleza zile chafya, kwa hiyo wewe nakupa la kwako. Bega nililiona. Na mkono ulikuwa tayari unashuka. Miaka ishirini na mbili nimemhesabia mtu yule tatu pale pale, mkono unaijua njia kuliko mimi. Nikauona unashuka, nikasema moyoni, simama. Haukusimama. Kama nilitaka usimame kweli, hilo sijui. Ninapolipiga pasi shati nalifikiria, na sipati jibu, napata shati tu.

Kumwomba radhi siwezi. Nikisema niliona, atakuwa ameibiwa na shemeji yake, ndani ya nyumba, na hilo ataliuguza. Nikisema sikuona, basi ni bahati mbaya tu ya refa mzee, na yeye abaki na machungwa yake. Acha niwe kipofu. Mtu ovyo yule, lakini ile pamba ya kichwani ameijaza kwa ajili yako.

Kwa hiyo nakuomba moja. Njoo mwisho wa mwezi. Mkikaa barazani nami nitapita, nimevaa shati jeupe jingine. Usinitetee na usinikonyeze, baba yako si mwepesi lakini konyezo analijua. Nizomee. Sauti unayo, nilikung'oa jino nikaisikia. Nizomee mpaka watoke wenye maduka, na yeye akusikie uko upande wake mbele ya watu, jambo ambalo hajapata kulisikia tangu akanyage vidole vya Baba Lao. Nitainamisha kichwa vizuri, utanisifu.

Kesho yake, yeye akiwa anashona magodoro, pitia mlango wa nyuma. Kikapu bado kipo pale pale. Leta na hizo nguo zako za safari, najua huko uliko hakuna mtu anayejua kupiga pasi kola.

Msalimie mkwe wangu na kitambi chake. Mama yako anakusalimu, anasema ulete nguo za kutosha, chekecho jipya usisahau. Seremala anakusalimu ingawa hakujui. Anaoa, na kitanda anatengeneza mwenyewe, ila godoro amepewa na baba yako. Mwenye Ghala anasalimu kila mtu, ndio utu uzima. Mungu akulinde njiani, akunyooshee barabara kama ninavyonyoosha mikono ya shati, na akufikishe na sauti yako yote.

Na ukija ukamwambia baba yako haya niliyoyaandika, nitakana. Nitasema sikuona. Hiyo kazi naijua.

Ni mimi nikupendaye hata ukinizomea,
Mjomba wako Dobi, refa mwizi, mwenye macho mazima.